Uzi wa Kwanza

Sufuria ya kwanza kupanda jikoni asubuhi ile haikuwa ya chai wala ya chakula. Ilikuwa ya nyuzi za gitaa. Solo alizikunja zote sita, akazitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yanatokota, akasimama juu yake na mwiko, makini kuliko alivyowahi kuwa kwa sufuria ya maharage. Wapiga gitaa wa kiwango chake wote wanaijua dawa hiyo. Uzi ukichakaa unabeba jasho na uchafu wa vidole, sauti inafifia, na ukiuchemsha unalia tena vizuri kwa muda. Unalia vizuri, ndiyo, lakini haurudi kuwa mpya. Hilo nalo wanalijua, ila hawapendi kulisema.

"Leo tunakunywa supu ya chuma," mkewe alisema kutoka chumba cha mbele, mguu ukiwa kwenye pedeli ya cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na mwanamke pale ambaye gauni lake halikupita mikononi mwake.

Solo hakujibu. Binti yao, aliyekuwa anangoja jiko liachwe achemshe chai, alimgusa begani, akamwonyesha mama yake kwa kidevu. Solo aligeuka na tabasamu pana, akaitikia kwa kichwa.

Tabasamu hilo na hicho kichwa ndivyo vilivyomficha. Miaka ya kusimama mbele ya spika kubwa ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, kwanza sauti nyembamba, halafu za wanawake, halafu karibu zote. Aliendelea kupiga gitaa kwa sababu vidole havikusahau, na kwa sababu jukwaani aliegemeza kiuno kwenye spika ya besi akapata mdundo kupitia mifupa. Mashabiki walidhani ni mbwembwe, wakampigia makofi. Akisemeshwa, alisoma midomo. Akishindwa kuisoma, alitabasamu na kuitikia, na watu wakamwona mpole, mtu asiye na makuu.

Siri ilikuwa ya watu watatu, wote wa nyumba hiyo. Kiongozi wa bendi, ambaye kila mtu alimwita Kapteni, alikuwa kaka yake Fundi wa tumbo moja, na hata yeye hakujua. Kapteni hakuwa mtu mbaya, lakini katika muziki hakuwa na undugu. Aliwahi kumwondoa mpiga ngoma kwa kuchelewesha mdundo, tena mtoto wa shangazi yake. Mpiga gitaa asiyesikia angemwaga unga siku hiyo hiyo.

Kazi ambayo Solo hakuiweza tena peke yake ilikuwa kukaza nyuzi. Hapo ndipo Fundi alipogeuka kuwa masikio yake. Alikulia nyumba moja na Kapteni na sikio lake lilikuwa zuri sawa na la kaka yake, ingawa hakuna aliyewahi kumwalika kwenye bendi. Alikuwa anakaa kando ya mumewe, kiganja juu ya goti lake. Kidole kikigonga goti, Solo anazungusha ufunguo wa kukazia uzi, kichwani mwa gitaa. Kiganja kikibana, anaacha. Ndivyo walivyofanya kwa kila onyesho na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba gitaa la Solo liko nje ya sauti.

Nyuzi zilipopoa walizifuta kwa kitambaa, wakaanza. Mazoezi ya harusi kubwa ya mwisho wa mwezi yalikuwa mchana huo. Nyuzi nene zilipanda bila shida. Tatizo lilikuwa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote. Ufunguo wake ulikuwa umekwisha meno, kila ukikazwa unarudi nyuma, mpaka mtu aubane kwa vidole vya mikono miwili huku mwingine akizungusha.

"Nyuzi hizi zimechoka," Fundi alisema. "Hebu ona hapa pana kutu."

"Wiki ijayo nitanunua nyingine."

"Wiki ijayo yako ina miezi mingapi?" Alisogeza kiti, akashika ufunguo kwa mikono yote miwili, akainua uso mumewe amwone. "Sasa mkono wa goti sina. Tazama mdomo wangu."

"Nautazama. Mzuri."

"Acha utani. Zungusha."

Solo alizungusha, macho kwenye mdomo wa mkewe. Bado, mdomo ulisema. Bado. Kisha ufunguo ukateleza, Fundi akainama kuubana upya, na Solo akabaki anatazama kilemba. Aliona mabega yake yametulia, akachukulia kwamba bado. Akazungusha.

"Basi," Fundi alisema. Halafu, "Basi, baba, umefika." Halafu akaanza kuinua kichwa.

Uzi ulikatika kwa mlio mdogo ambao Solo hakuusikia. Alichokiona ni mkewe kurudi nyuma ghafla, viganja vyote viwili kwenye jicho la kulia. Kwa mazoea, alitabasamu.

Fundi hakupiga kelele. Alikaa wima, akamwita binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, na ni ukawaida huo uliomtisha msichana mpaka akaangusha kikombe.

"Kuna kitu kinanichuruzika," Fundi alisema. "Angalia ni damu au maji."

Binti aliinama, akaangalia kati ya vidole vya mama yake. "Ni maji tu, mama. Si damu."

"Ni maji," akamgeukia baba yake, akitamka taratibu. Wakashukuru wote watatu kwamba ni maji. Hawakujua kwamba ndani ya jicho kuna maji ambayo hayatakiwi kutoka.

*

Hospitalini kulikuwa na mabenchi mawili marefu, moja la waliokuwa wanasubiri kuonwa na lingine la waliowasindikiza. Nesi wa zamu alikuwa amevaa barakoa iliyomfunika kuanzia puani hadi kidevuni. Solo alipoiona barakoa ile, alijua hapo hana midomo ya kusoma.

"Imekuwaje?" nesi alimuuliza Fundi.

"Uzi wa gitaa umekatika ukanipiga."

Nesi alimtazama Fundi, kisha Solo, kisha tena Fundi. "Kila mtu ana wake. Jana mama mmoja alipigwa na mlango. Mwingine alipigwa na kabati, kabati limesimama zake ukutani. Leo gitaa."

"Ni kweli, sista."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini na uso kwenye gitaa?"

"Nilikuwa nashikilia ufunguo yeye akaze."

"Hukuona kwamba uzi umezidi kukazwa?"

"Niliona. Nikamwambia basi."

"Ukamwambia basi. Na yeye akaendelea?"

Hapo Fundi alinyamaza. Angeweza kumaliza mambo yote kwa neno moja. Lakini kwenye benchi kulikuwa na watu wa mtaani kwao, na neno likishatoka kwenye benchi la hospitali haliishii pale. Alikibana kitambaa kwenye jicho.

Nesi alimgeukia Solo. "Baba," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Niambie ukweli. Umempiga mkeo?"

Solo aliona barakoa ikitikisika na macho mawili juu yake yakimuuliza kitu. Macho yalionekana kama yanampa pole. Alitoa tabasamu lake, akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

Mwanamke aliyekuwa karibu naye alimvuta mwanawe upande wa pili.

"Sista, baba hajakuelewa," binti alisema.

"Ameelewa vizuri tu. Hata haya hana." Nesi alinyoosha kidole kwenye ukuta wa mbali. "Baba, kakae kule. Usimsogelee huyu mama mpaka nikuambie."

Solo aliona ameonyeshwa kiti kitupu. Akashukuru kwa kuinamisha kichwa, akaenda kukaa, na watu wakatikisa vichwa kuona mtu anavyoweza kuwa mnyama huku anacheka.

Daktari alikuwa mtu wa sauti ya chini, aina ya madaktari ambao mgonjwa hulazimika kusogea kuwasikia. Alimpeleka Fundi chumba cha upasuaji, akakaa naye humo hadi adhuhuri. Alipotoka alizungumza na binti kwanza, halafu akamruhusu aingie kwa mama yake.

"Kioo cha jicho kimechanika," daktari alimwambia Fundi. "Tumekishona."

"Kwa uzi gani?" Fundi aliuliza, kwa kuwa ni fundi.

"Mwembamba kuliko unywele."

"Na mkono wako haukutetemeka?"

"Haukutetemeka." Daktari alionekana kuridhika kuulizwa hivyo. "Sasa sikiliza, mama. Yale maji mliyoyaona yalitoka ndani ya jicho lenyewe. Kama umepoteza kuona au hujapoteza, siwezi kujua mpaka tufungue bandeji. Mpaka siku hiyo usiiname, usibebe kitu, usikohoe kwa nguvu. Na usilie."

"Kulia nako?"

"Hasa kulia. Ukilia utalikamua jicho, na mshono ni mbichi."

Fundi alilala chali akitazama dari kwa jicho lililobaki. Hofu ilimshika, hofu ya mtu anayeishi kwa kutunga uzi kwenye tundu la sindano, na hakuwa na ruhusa hata ya kuitoa kwa machozi.

*

Kapteni alifika kesho yake na suti yake ya jukwaani, kwa sababu hakuwa na nyingine ya kuvaa mahali penye heshima. Alikuwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo wa juu wote na nusu ya wa chini. Aliyafuga tangu ujana na kuyachana kila asubuhi. Kwa Solo yalikuwa msiba wa siku zote, maana kila alichosema shemeji yake kilifia humo ndani.

Nesi alimpata Kapteni kwanza. Alimweleza alichokiona kwa macho yake: mke alisema alimwambia mumewe basi naye akaendelea, na mume alipoulizwa kama amempiga, akaitikia, tena akicheka.

Kapteni alimkuta dada yake amelala. Alikaa pembeni ya kitanda, akavuta pumzi.

"Dada. Mimi ndiye niliyebaki wa kukusemea. Niambie."

"Uzi ulikatika, kaka."

"Mtu huyu anakaza nyuzi tangu hajaota ndevu. Uzi umefika yeye anaendelea tu, na wewe unamwambia basi. Kwa nini?"

Fundi alivuta shuka kifuani.

"Alikuwa amelewa?"

"Hanywi, unajua hanywi."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Hapana."

"Basi hakuna sababu nyingine. Mtu anayesikia basi akaendelea, huyo amekusudia." Kapteni alipangusa uso kwa kitambaa. "Ukitolewa bandeji, utakuja kwangu. Jicho liwe zima, lisiwe zima, hurudi pale. Na yeye atafute bendi nyingine."

Fundi alipima maneno. Akisema mume wangu hasikii, anamwokoa na kumfukuza kazi kwa sentensi ile ile. Asiposema, anamwacha aitwe mpiga wanawake. Machozi yalianza kumjia, akayakumbuka maneno ya daktari, akaanza kuhesabu mbao za dari kwa jicho moja mpaka yakarudi yalikotoka.

"Usimguse," hatimaye alisema. "Nakuomba. Subiri jicho."

Solo alikuwa ukumbini, ameegemea ukuta. Kufikia hapo binti yake alikuwa ameshampeleka bombani, akamgeuzia uso kwenye mwanga na kumwambia neno kwa neno alichoitikia mbele ya watu wote. Solo alikuwa amekaa chini pale pale kwenye sementi yenye maji. Tangu saa hiyo shingo yake ilikuwa ngumu. Aliogopa kuitikia chochote. Mwanamke wa usafi alimuuliza kama ndoo ni yake, akamkodolea macho tu.

Kapteni alisimama mbele yake, karibu sana. "Ni kweli ulimpiga?"

Masharubu yalipanda, yakashuka. Solo aliyatazama kwa juhudi zote. Huenda ameulizwa kama anataka kumwona mkewe. Huenda ameulizwa kama amempiga. Akiitikia, anaweza kuwa amekiri tena, na akitikisa kichwa anaweza kuwa anakataa kumwona mke wake. Akabaki amesimama, mikono imelegea.

"Hata kukana huwezi," Kapteni alisema, akamwacha hapo.

*

Nyumbani cherehani ilifunikwa shuka. Wateja walikuja kuulizia nguo zao, wakaambiwa fundi mgonjwa. Wawili walichukua vitambaa vyao vikiwa vimekatwa tu, wakaondoka bila kumtazama Solo usoni. Habari zilikuwa zimemtangulia.

Mchana mmoja binti alirudi kutoka kumpelekea mama yake chakula, akamkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha mama, mbele ya cherehani. Alikuwa amejifunga kitambaa kwenye jicho la kulia. Mkono mmoja ulishika sindano, mwingine uzi. Uzi ulipita kando ya tundu, akaulowanisha kwa mate, akajaribu tena, ukapita upande wa pili. Alikuwa amejaribu kwa muda mrefu, sakafuni palikuwa na vipande vya uzi alivyokata kila ncha ilipochakaa.

Binti alimfungua kitambaa. "Baba, mwambie mjomba."

"Nikimwambia tutakula nini?"

"Sasa hivi tunakula nini? Mama hashoni. Na wewe mazoezini hukwenda."

"Jicho likipona, mambo yote yataisha yenyewe. Hakutakuwa na haja ya kumwambia mtu."

"Na lisipopona?"

Aliisoma midomo ya mwanawe vizuri sana. Kila neno lilimfika. Akainama, akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa Solo kujifanya hasikii.

*

Chumba cha kufungulia bandeji kilikuwa kidogo. Fundi alikaa kwenye kiti kirefu, daktari mbele yake, nesi pembeni na sahani ya vifaa. Kapteni alisimama nyuma ya dada yake kama mlinzi. Solo alipewa nafasi mlangoni, na nesi akasimama kati yake na mkewe, asijisahau akasogea. Binti alibaki nje kwa sababu hakukuwa na pa kukanyaga.

Daktari alikuwa na barakoa. Alifungua bandeji taratibu, akaondoa pamba, akasafisha. Kutoka mlangoni Solo aliona jicho la mkewe likifunguka, jekundu, limevimba. Daktari alilifunika lile la kushoto kwa kadi, akainua mkono wake hewani. Kisha akaushusha. Akainua tena. Fundi alikuwa ameinamisha uso kidogo na mdomo wake haukuonekana. Barakoa ya daktari ilitikisika. Alikuwa anasema kitu, kwa ile sauti yake ya chini.

Ghafla Kapteni alijifunika uso kwa viganja. Nesi aligeukia ukutani. Na jichoni mwa Fundi, jicho lile lile lililokatazwa kulia, chozi lilitoka likateremka shavuni na daktari hakumzuia.

Solo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Habari ilikuwa imo chumbani tayari, kila mtu anayo isipokuwa yeye. Kwa nini anaruhusiwa kulia? Kwa sababu limepona, halidhuriki tena? Au kwa sababu limekufa, hakuna tena cha kuhifadhi? Aliitafuta midomo. Barakoa. Masharubu. Kisogo cha nesi. Daktari alimgeukia, akamwambia kitu yeye mwenyewe, kwa upole, na Solo akahisi tabasamu lake likianza kujitengeneza na shingo yake ikianza kushuka kuitikia.

Akaizuia shingo.

"Daktari, mimi sisikii," alisema. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasiosikia wanavyosema, na watu wa ukumbini wakageukia mlango. "Masikio yangu yamekufa zamani. Aliniambia basi, sikusikia. Sista aliniuliza nimempiga, sikusikia. Hata wewe hapo sijui umesema nini. Niambie, anaona au haoni?"

Kisha daktari, mtu ambaye labda hakuwahi kupaza sauti tangu amalize shule, alivuta barakoa mpaka kidevuni, akamsogelea Solo, akapiga ukelele.

"Anaona! Kwa ukungu! Lakini anaona!"

Huko ukumbini mtu mmoja alipiga makofi, asijue anampigia nani.

Solo alikalia ndoo ya takataka, kando ya kiti cha mkewe. Fundi alinyoosha mkono, akamtafuta kwa kupapasa, akaupata mguu wake, akagonga goti kwa kidole. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Endelea. Solo akalia kwa ajili ya wote wawili.

Kapteni aliwatazama. Alitazama kile kidole juu ya goti, na ilimchukua muda kuelewa masikio yalikuwa ya nani.

"Mwaka jana," alimwambia Solo hatimaye, akiyashika masharubu kwa mkono kuyainua, "tukiwa jukwaani, nilikuambia punguza sauti, nikarudia, ukaniongezea."

"Sikusikia, shemeji."

"Nikakutukana mbele ya watu."

"Nilidhani unanisifu."

Kapteni alitaka kucheka, akashindwa, akatoka nje. Hakusema kama mtu ana kazi au hana. Nesi naye alishusha barakoa yake kabla ya kusema, "Baba, nisamehe." Solo aliitazama midomo yake mpaka mwisho, ndipo akaitikia.

*

Siku moja kabla ya harusi Kapteni aligonga mlango, mkononi ana pakiti mpya ya nyuzi na ufunguo mpya wa gitaa. Aliviweka juu ya meza, akakaa bila kukaribishwa.

"Nimekuja kuona mnavyofanya," alisema. Sauti yake haikuonyesha upande wowote.

Wote watatu wa nyumba ile waliogopa kwa pamoja. Solo alifunga ufunguo mpya, akatoa zile nyuzi za kuchemshwa, akapandisha zile nene moja moja, na Fundi akikaa mbali naye, anasema kwa mdomo, amemgeukia kabisa. Zilipanda vizuri. Ukabaki wa kwanza.

"Huu sitaki mke wangu awe karibu nao," Solo alisema, akaushika kwa ncha za vidole.

"Nitasikiliza mimi," Kapteni alisema. "Masikio ninayo."

"Mkono wako hajauzoea, kaka," Fundi alijibu. Aliingia ndani, akatoka amevaa miwani mikubwa myeusi ya fundi wa kuchomelea vyuma, ameiazima kwa jirani, imemfunika kuanzia nyusi hadi mashavuni. Binti yake alicheka, akajizuia. Fundi aliketi upande wa nyuma wa mumewe, mbali na uzi, akageuza uso ukutani, akanyoosha mkono na kuweka kiganja juu ya goti lake.

Kidole kiligonga. Solo akazungusha. Ufunguo ukapiga kelele kidogo. Kidole kikagonga. Akazungusha. Uzi ulianza kupata sauti, ukapanda, ukapanda, na kidole kikawa kinachelewa kati ya kugonga na kugonga. Fundi alikuwa amebana macho yote mawili nyuma ya miwani.

Kiganja kilibana.

Solo aliachia ufunguo papo hapo, mikono juu.

Uzi ulikuwa haujafika. Kapteni alisikia, kwa sikio lile lile lililomwondoa mtoto wa shangazi yake. Ulikuwa chini kwa nusu sauti, mtoto mdogo angesikia. Fundi naye alisikia, hakuna shaka, ila hakuweza kuungoja zaidi ya pale. Kapteni alifungua mdomo kusema. Aliutazama mkono wa dada yake, ulivyolibana goti mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akafunga mdomo.

"Umefika?" Solo alimuuliza, akitafuta kitu ndani ya masharubu.

Kapteni alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

"Hizo nyingine," alisema baadaye, akionyesha kwa mkono, "ziteremshe zilingane na huo."

Kesho yake bendi nzima ilishusha nyuzi zake nusu sauti. Mpiga besi alinung'unika. Mwimbaji, aliyekuwa anajikamua koo miaka yote, alisema hatimaye kuna mtu amemfikiria. Wageni waliojaa ukumbini hawakugundua lolote, isipokuwa waliomjua Kapteni, ambao walicheka na kuonyeshana vidole alipopanda jukwaani. Alikuwa amenyoa masharubu. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kuliko uso wote, kama wa mtu mwingine. Hakuwajali. Alimgeukia Solo, akangoja mpaka wamekutana macho, akatamka taratibu, kila neno likionekana: moja, mbili, tatu.

Fundi alikuwa kiti cha nyuma kabisa, jicho moja limefunikwa. Aliiona bendi kwa lile lingine na akasikia wimbo ukianza sawasawa. Kiganja chake kilikuwa juu ya goti lake mwenyewe, kimebana, na hakikuachia mpaka wimbo ulipokwisha.